Mwalimu wa Baba Zake

Siku mliyoniaga pale Karatu mlinipa shuka, mkongojo na saa ya ukutani. Mkongojo bado sijauhitaji, na saa imekwisha kusimama. Shuka nimejifunika magotini sasa hivi ninapoandika, maana baridi ya Julai huku haina heshima kwa wastaafu. Mmoja wenu alinisihi niandike niliyoyaona katika kazi ya elimu ya watu wazima. Nilimwambia nitaandika, ila habari za vyeo sitaziandika. Vyeo vilikuja vikapita, wala hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu. Nitaandika yaliyonishtua, na namshukuru Mungu kwamba yalikuwa mengi. Mwalimu ambaye hashtuki tena, afadhali akafungue duka.

Mimi ni mtu wa Machame. Nililelewa misheni, nikasomea ualimu misheni, na mpaka leo siwezi kuingia darasani bila kusali kimoyomoyo. Nilipopangiwa Karatu mwanzoni mwa miaka ya sabini, nchi nzima ilikuwa imeingia katika kazi ya kufuta ujinga. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na darasa la watu wazima, lenye paa au lisilo na paa. Mimi nilidhani kazi ni kufundisha herufi.

Darasa langu la kwanza lilikuwa Ganako, ndani ya ghala lililokuwa bado linanuka ngano. Tulikalia magunia. Siku ile ya kwanza mke mmoja kijana aliandika jina lake bila kukosea, nami nikamsifu kwa sauti na kuwataka wenzake wampigie makofi. Palepale mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi gunia la mbele, akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Nyuma yake wakatoka akina mama wote wa umri wake, mmoja mmoja, bila neno. Nilibaki na chaki mkononi na vijana wanne wanaotazama sakafu.

Aliyenieleza ni Mzee Sulle, Mwiraqw, katekista wa zamani aliyekuwa amefundisha watu wazima kabla kazi hiyo haijapata jina. Ganako nzima walimwita Ako, yaani babu. Alinijia jioni yake akaketi kwenye kizingiti.

"Umemlisha mtoto mbele ya mama yake mwenye njaa," alisema. "Kesho nenda kwa yule mama. Usiombe radhi. Mwombe akufundishe kitu."

Nilikwenda. Nilimwomba anifundishe kutofautisha mbegu za ulezi, nikafundishwa nusu siku nzima, nikacheka na kuchekwa. Siku ya darasa akarudi, na wenzake wakarudi naye. Kutoka hapo nikashika desturi ambayo sikuiacha mpaka nastaafu: kila somo langu lilikuwa na nusu ya pili, ambamo mkubwa anamfundisha mdogo jambo analolijua yeye. Mzee Sulle alikuwa akisema kwamba mtu mzima hakubali kupokea mahali asipotoa. Nusu hiyo haikuwa katika mwongozo wowote, na wakaguzi walinikemea mara nyingi kwa kupoteza muda wa serikali. Niliwasikiliza kwa uvumilivu, wakaondoka, tukaendelea.

Mzee Sulle ndiye aliyenionyesha pia kwamba mkono uliozoea jembe hauwezi kuanza na penseli. Huanza na kijiti kwenye vumbi, mistari mirefu, kama anayechora mipaka ya shamba. Alinifundisha kupaka ubao kwa masizi ya betri zilizokufa yaliyopondwa na kuchanganywa na majani ya maboga, na kuyazuia macho yangu yasimtazame mzee anapojaribu kusoma. "Tazama dirishani," alisema. Ghala halikuwa na dirisha. Nilijifunza kutazama ukuta.

Baada ya miaka michache nikaambiwa nivuke upande wa pili, kwa wafugaji wa Kimaasai. Gari la mifugo lilinichukua asubuhi, likapanda ukingo wa kreta katika ukungu mzito hata utingo akashuka kutembea mbele yetu, kisha likateremka kwenye nchi ya nyasi isiyo na mwisho. Walinishusha katika kijiji cha Piyaya na sanduku langu, ubao wangu, na maboksi ya vitabu. Ng'ombe walikuja kunitazama kabla ya watu.

Pale kulikuwa na rika la wazee waitwao Nyangusi. Mtakaokwenda huko yawapasa kulielewa jambo hili vizuri kabla ya kufungua boksi la vitabu. Wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa rika moja maisha yao yote. Hula pamoja, huamua pamoja, na aibu ya mmoja ni ya wote. Na binti wa mmoja wao ni binti wa wote. Hakuna Nyangusi anayeweza kumwoa binti wa Nyangusi mwenzake, kwa kuwa wote ni baba zake, na neno lao juu yake lina uzito kama la baba aliyemzaa. Rika lililowafuata, la Seuri, lilikuwa la wanaume wadogo kuliko wao, nao walikuwa wameshaanza darasa lao kwenye maboma ya ng'ambo ya korongo. Nyangusi walipopata habari hiyo walitaka darasa upesi. Nilifurahi, nikadhani ni kiu ya elimu.

Mwalimu wa kujitolea hakupatikana ila mmoja. Aliitwa Nasieku, binti wa miaka kama kumi na sita, aliyekuwa amemaliza darasa la saba katika shule ya bweni na kurudi nyumbani. Kwa hiyo mwalimu alikuwa binti wa wanafunzi wake wote. Nilikosa usingizi kwa hofu. Mtoto gani wa Kimaasai angesimama mbele ya baba zake waliokaa, akiwafokea kwamba hii ni a na hii ni e?

Nasieku alilitatua mwenyewe, bila kuniuliza. Siku ya kwanza alipita mbele ya kila mzee akiwa ameinamisha kichwa, kama watoto wote wanavyowaamkia wakubwa, na kila mzee akamgusa utosini kwa kiganja. Alipomaliza wote hakusimama. Aliketi chini kabisa, ubao ameuegemeza kwenye magoti yake, akaandika kutoka chini kwenda juu kama anayeuliza swali. Chaki ilipoisha, na chaki iliisha upesi miaka ile, alitumia udongo mweupe wanaojipaka vijana wao waliotoka kutahiriwa. Wazee walicheka sana. Mzee Mepukori, aliyekuwa msemaji wa rika, alisema sasa wamepakwa rangi mara ya pili bila kutahiriwa.

Baba mzazi wa Nasieku aliitwa Koinet, mtu mrefu, mkavu wa maneno, na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko vyote darasani. Wenzake walimwita binti "mwalimu". Yeye alimwita "wewe". Katika nusu ya pili ya somo wazee walimfundisha Nasieku alama za masikio ya ng'ombe za kila ukoo, miti ya dawa, na vizazi vya watu. Koinet alikunja mikono. Mara moja nilimwuliza kwa nini naye hamfundishi binti yake kitu, akanijibu kwamba hakuna mtu anayetia maji katika kibuyu cha jirani.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kupata habari. Nasieku alikuwa ameshatolewa. Ng'ombe wa mahari walikuwa tayari zizini mwa Koinet, na baadhi yao walikuwa wameshazaa. Mume alikuwa Mzee Parmuat, wa rika lililowatangulia Nyangusi, mtu mwenye wajukuu wakubwa kuliko Nasieku. Nilishtuka hata nikakaa chini pale pale kwenye mavi makavu ya ng'ombe. Binti mwenyewe ndiye aliyenieleza, akifuta ubao, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya barabara.

"Nilidhani unajua, Mwalimu. Ni baada ya mvua."

"Na wewe unasemaje?"

"Nani aliniuliza?" Akaendelea kufuta. Ubao ulikuwa umeshatakata.

Nilimwendea Koinet siku ile ile. Nilisema yote ambayo mtu wa misheni husema, na kwa Kimaasai changu kibovu nadhani mengine niliyasema vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni Mchaga. Nimewahi kukufundisha kupanda migomba?"

"Hapana."

"Basi."

Nilirudi kibandani nikasali, na sikuona jibu. Jibu lilikuja kutoka mahali nisipotazamia. Mzee Mepukori aliliita rika lake, na Mzee Parmuat akaalikwa, nami nikaruhusiwa kukaa pembeni. Mepukori alisema jambo fupi. Seuri walikuwa wanaandika majina yao. Nyangusi bado wanahangaika na silabi. Mwalimu akiondoka sasa, Nyangusi watachekwa na wadogo zao, ambao wao wenyewe waliwaona wakiwa watoto uchi wanachunga ndama. Kwa hiyo binti yao hatoki mpaka rika zima limefaulu mtihani wa mwisho, hata Koinet mwenyewe. Siku mtu wa mwisho atakapofaulu, Parmuat amchukue mke wake kwa amani.

Nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimewaza kwamba watamwonea huruma, kumbe walikuwa wanaona haya mbele ya wadogo zao! Koinet alikubali kwa kuwa rika limesema. Parmuat naye alikubali. Alikuwa mzee mpole, kweli, na nikimchora hapa kama mnyama nitakuwa mwongo. Alisema tu kwamba aliyengoja ndama akue hashindwi kungoja wazee wasome.

Basi wakasoma. Sijapata kuona watu wakisoma vile. Walibeba vitabu machungani wamevifunga kwenye ngozi ya mbuzi. Mzee mmoja aliwafundisha wake zake ili apate wa kumsahihisha jioni, hivyo tukapata wanafunzi ambao hatukuwaandikisha. Nasieku alikuwa mkali kwa sauti ya chini. Mtu akikosea hakumwambia amekosea. Alimwomba asome tena "kwa sababu sikusikia vizuri," na mzee akajua. Mwisho wa mwaka Mepukori alikuwa akiwasomea wenzake gazeti lililofungiwa sukari. Na mimi kila walipopiga hatua nilifurahi kwa jicho moja, maana kila herufi ilikuwa inamsogeza Nasieku kwenye boma la Parmuat. Yeye pia alijua. Aliwafundisha vilevile. Nilimwuliza kwa nini hapunguzi mwendo kidogo tu. Alinitazama kama niliyemwambia aibe.

Siku ya mtihani msimamizi alikuja kutoka wilayani kwa gari. Wazee waliketi safu mbili, kila mmoja na karatasi yake juu ya ubao mdogo, na penseli zimechongwa. Nilifungua kwa sala. Kisha nikatazama ukuta, kama nilivyofunzwa, isipokuwa hapakuwa na ukuta, nikatazama milima ya Gol. Nilipogeuka muda ulikuwa umekwisha, nikakusanya karatasi.

Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa tupu. Nikadhani wamenipa upande wa nyuma, nikageuza. Tupu. Ya Mepukori, aliyesoma gazeti la sukari, ilikuwa safi kama ilivyotoka kiwandani. Katika kundi zima karatasi moja tu ilikuwa imeandikwa, yote, kwa mwandiko mzuri, nayo ilikuwa ya Koinet.

Msimamizi aliniuliza kama wazee hawa wamewahi kufundishwa hata siku moja. Nasieku alizitazama zile karatasi juu ya bega langu, akaenda nyuma ya ua wa miiba. Nilimsikia akilia. Hakuwa amelia alipoambiwa habari za Parmuat. Alilia sasa, kwa sababu alidhani hakuwafundisha kitu.

Seuri walitunga wimbo ndani ya siku chache. Ulisema Nyangusi wameilisha penseli majani ikakataa kula. Watoto waliuimba machungani. Nilimwendea Mzee Mepukori nikiwa na hasira ambayo haimfai Mkristo.

"Mmeniaibisha," nilimwambia. "Wewe unasoma. Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Ninasoma."

"Kwa nini basi?"

Alijaza ugoro puani taratibu. "Tulisema binti hatoki mpaka tumefaulu. Tumefaulu?"

"Hapana."

"Basi hatoki."

Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyetaka kuwashinda Seuri.

"Nilitaka," alisema. "Halafu mtoto akatufundisha. Mtu akishakufundisha, Mwalimu, unampelekaje kwa kumswaga na fimbo? Aibu ya wimbo ni yetu, tumeibeba wenyewe. Wewe beba yako, ni ndogo. Na usimwambie yeye. Atakuja kutushukuru, na mtoto hamshukuru baba yake, inaleta mkosi."

Ndugu zangu, nimesoma Maandiko tangu utoto, na nilikuwa nimehubiri mara nyingi juu ya kubeba mizigo ya wenzetu. Sikuwa nimewahi kuona imefanywa, tena na watu ambao hawajaingia kanisani. Nilirudi nimeinamisha kichwa kama mtoto wa boma.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Afisa wetu aliniita wilayani. Hakutaka kusikia habari za rika. Alisema darasa lililoleta karatasi tupu linachafua wilaya nzima, na kwamba baada ya mvua nyingine kutakuwa na mtihani tena. Wengi wao wasipofaulu, darasa litafungwa na mwalimu wa kujitolea ataondolewa. Nilihesabu njia mbili na zote zilikuwa mbaya. Wakifaulu wote, Nasieku anakwenda. Wakishindwa, darasa halipo, wala hakuna tena mtihani wa kufaulu, na Parmuat ana haki ya kusema ahadi imekufa.

Wakati huo Mzee Parmuat alianza kuchoka. Siku moja alikuja darasani mwenyewe, akasimama nje ya duara akiegemea fimbo yake. Nasieku alikuwa ameketi chini na ubao magotini, akimsikiliza mzee mmoja akisoma kwa shida habari za kuogesha ng'ombe. Parmuat alitazama kwa muda, kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayemwagiza mtu wa nyumbani kwake:

"Inatosha leo. Funga hivyo vitu ukaniletee maji."

Nasieku aliweka udongo mweupe chini, akaanza kuinuka. Ndipo Koinet alipozungumza, macho yake yakiwa kwenye kitabu.

"Mwalimu," alisema, "sikusikia vizuri. Hebu turudie ule mstari."

Nilidhani anasema na mimi, nikafungua kinywa kujibu. Alikuwa anasema na binti yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Nasieku alibaki amechutama nusu, hajui akae au asimame, kisha akakaa. Akasoma mstari, na baba zake wote wakaurudia kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mzee Parmuat alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta maji mwenyewe.

Katika nusu ya pili ya somo siku ile Koinet alikunjua mikono. Alimfundisha Nasieku visima: mahali maji yanapojificha chini ya mchanga mwaka wa kiangazi kikali, na jiwe gani la kuchimba upande wake. Mzee aliyekuwa karibu nami alishika mdomo. Jambo lile huambiwa watoto wa kiume tu, tena karibu na kufa kwa baba.

Nilimpelekea Mepukori maneno ya afisa kama yalivyokuwa, sikuongeza wala kupunguza. Aliniuliza swali moja tu.

"Alisema wengi wafaulu, au wote?"

"Wengi."

"Basi mmoja anatosha kushindwa," akasema. "Nitakuwa mimi."

Msiipime hii kwa kipimo cha mjini. Walioshindwa pamoja huchekwa pamoja, na kicheko kikigawanywa huwa chepesi. Kushindwa peke yako, rika lako lote limefaulu, wake zako na wanao wanajua, Seuri wanajua, ni kukaa nje ya duara maisha yako yote. Naye alikuwa msemaji wao. Nilimwomba afikiri tena. Alinijibu kwamba msemaji ndiye anayetangulia, hata kwenda mahali pabaya.

Mtihani ulifika. Msimamizi alikuwa yule yule, naye hakuficha kwamba anategemea kicheko. Nilisali, na sala yangu ilikuwa fupi, maana sikujua nimwombe Mungu nini. Safari hii sikutazama milima. Niliona penseli zote zikianza kutembea, isipokuwa mbili. Mzee Mepukori alikuwa ameiweka yake juu ya goti. Na pembeni yake Koinet, aliyekuwa na kichwa chepesi kuliko wote, alikuwa ameikunja karatasi yake mara mbili, ameiweka chini, na ameikalia.

Mepukori alimgeukia. Sidhani kwamba walikuwa wamesemezana kabla, kwa namna alivyomtazama.

"Andika," Koinet alimwambia kwa Kimaasai, polepole.

"Hii tulishaiamua."

"Andika wewe. Mimi ndiye niliyepokea wale ng'ombe."

Msimamizi aliuliza wazee wanazungumza nini. Nikamwambia wanatakiana heri, na nadhani Mungu amenisamehe, maana haikuwa mbali na kweli. Mzee Mepukori akaichukua penseli kutoka gotini, akainama, akaandika. Machozi yalimdondoka kwenye karatasi, ikabidi nimpe nyingine.

Wakafaulu wote, ila mmoja. Afisa aliridhika, akanipongeza. Seuri walitafuta wimbo mpya, wakaupata, na huo ulimtaja Koinet kwa jina. Aliusikia kila siku akinywesha ng'ombe wake kisimani. Sikumwona akigeuza kichwa. Mzee Parmuat alingoja msimu mmoja zaidi, kisha akatuma wanawe kuchukua mifugo yake. Koinet aliwarudisha wote pamoja na ndama waliozaliwa, na kwa waliokufa akatoa wake mwenyewe, wazuri. Zizi lake lilibaki jembamba. Nasieku alikwenda chuo cha ualimu, na leo anafundisha upande wa Samunge. Siku aliyoondoka aliinamisha kichwa mbele ya kila mmoja wao kama ile siku ya kwanza. Alipofika kwa baba yake, mkono ule ulikaa utosini muda mrefu kuliko desturi. Mpaka leo sijui kama Nasieku alikuwa ameambiwa. Mimi sikumwambia.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, nilikwenda Piyaya kuwaaga. Darasa lilikuwa na paa la bati na watu wapya. Nyuma kabisa, kati ya wake vijana na vijana waliotoka machungani, nilimkuta Mzee Koinet, mvi tupu, kitabu cha hatua ya kwanza mkononi, akimnong'onezea jirani yake silabi iliyomshinda. Wenzake wa rika walikuwa wameacha kuja zamani. Nilishtuka kuliko siku zote nilizowaeleza. Tulipotoka nje nilimwambia sasa yamekwisha, Nasieku ni mwalimu wa serikali, Parmuat amefariki. Akubali tu kufanya ule mtihani, jina lake lisafishwe nikiwa bado kazini, Seuri nao wafunge midomo.

Alinyosha fimbo yake kuelekea boma, walikokuwa wanacheza watoto wa kike, wengine wa wake zake wadogo, wengine wa boma la Mepukori.

"Rika lilisema binti yetu hatoki mpaka sote tumefaulu," alisema. "Na hao ni wa nani?"

Nilianza kuwahesabu wale watoto.

"Yule mdogo ndiyo kwanza ameota meno," akasema. "Mimi ni mzito wa kichwa, Mwalimu. Nitachelewa sana."